Kumfuga gobi mlinzi na kamba wake katika tangi moja

Gobi mlinzi ni samaki mdogo wa miamba ya matumbawe anayeishi ndani ya shimo asilolichimba yeye. Mchimbaji ni kamba-bastola wa jenasi ya Alpheus, mwenye macho hafifu na gando moja kubwa kupita kiasi, analolifyatua kwa mlio kama bastola. Kamba anachimba kutwa nzima, gobi anakaa mlangoni na kulinda. Ukitaka kuwaona wakiishi hivyo nyuma ya kioo, kazi yako kubwa itakuwa kumwandalia kamba sakafu inayochimbika bila kuporomoka. Wengi hununua samaki kwanza, kamba baadaye, na mchanga hufikiriwa mwisho kabisa. Geuza mpangilio huo na nusu ya matatizo yaliyoelezwa hapa chini hutayaona.

Wanavyofanya kazi pamoja

Kaa karibu na kioo kwa dakika kumi bila kutikisika. Gobi amelala juu ya mchanga, kichwa nje, mkia umeelekea mlangoni. Nyuma yake kamba anatokea kama tingatinga: magando mawili yamebanwa pamoja mbele, yanasukuma lundo la mchanga. Kipapasio kimoja kimemgusa gobi mkiani au ubavuni, na hakibanduki muda wote kamba awapo nje. Anamwaga mzigo, anageuka, anarudi ndani. Kivuli kikipita, gobi anatikisa mkia haraka haraka, kamba anasita au anarudi kinyumenyume. Hatari ikiwa kubwa, gobi anajitosa shimoni kichwa kwanza, na kamba keshatoweka zamani.

Mwaka 1958 Wolfgang Luther aliandika juu ya ushirika huu kutoka Bahari ya Shamu, na tangu hapo umechunguzwa sehemu nyingi za Bahari ya Hindi na Pasifiki. Kwa mfugaji, jambo la kushika ni hili: kamba asiye na mlinzi hujificha karibu siku zote, na gobi asiye na shimo huishi kwa wasiwasi na hula kidogo. Jioni wote wawili huingia ndani, na mara nyingi mlango huzibwa hadi asubuhi. Usilifukue shimo kwa kudhani wamefukiwa.

Kuchagua jozi

Si kila kamba-bastola huishi na samaki. Wale wanaoingia tangini wamejificha ndani ya mawe yaliyotolewa baharini mara nyingi ni wa aina zisizohitaji mwenzi, na gobi atakaa nao bure. Aina mbili ndizo zinazopatikana kwa urahisi na zinazokubali gobi bila tabu. Alpheus bellulus ana mwili wa manjano hafifu wenye michirizi ya kahawia kama ya chui milia, hufika sentimita 4 hadi 5, na ni mchimbaji hodari kupita kiasi kwa tangi dogo. Alpheus randalli ana mistari myekundu na myeupe, hufika sentimita 3 hivi, na huchimba kwa kiasi.

Linganisha ukubwa. Gobi mdogo mwembamba kama Stonogobiops nematodes au Stonogobiops yasha, wa sentimita 5 au 6, anafaa na A. randalli. Cryptocentrus cinctus, gobi wa manjano ambaye pia hupatikana akiwa na rangi ya kijivu au kahawia, hukaa vizuri na A. bellulus. Vivyo hivyo gobi wengi wa jenasi ya Amblyeleotris. Angalizo kwa anayeagiza kwa jina la kisayansi: kuna gobi aitwaye Amblyeleotris randalli na kamba aitwaye Alpheus randalli, wote wamepewa jina la mtaalamu wa samaki John E. Randall. Andika jina kamili, la sivyo utaletewa samaki wawili na kamba hakuna.

Muuzaji akiwa nao tayari katika shimo moja, nunua wote wawili pamoja hata kama bei ni ya juu kidogo. Gobi mzima ana tumbo lililojaa kiasi, si lililobonyea nyuma ya mapezi ya chini. Anapumua taratibu, na mapezi yake hayana vitone vyeupe. Omba alishwe mbele yako. Kwa kamba, vipapasio ndivyo vya kutazama kwanza, maana ndivyo macho yake. Gando lililokosekana lisikukatishe tamaa: katika jamii hii gando kubwa likikatika, dogo hukua na kuchukua kazi ya kufyatua, na jipya huota upande wa pili. Hilo hutimia baada ya kujivua ganda mara kadhaa.

Usinunue gobi wawili wa aina moja ila kama wameshaoana. Wataumizana hadi mmoja aruke nje. Kamba wawili wanaweza kuishi pamoja wakiwa dume na jike. Jike hutambulika kwa tumbo pana zaidi, lenye pembe za ganda zilizoshuka kando. Kama huna hakika, chukua mmoja.

Tangi, mawe na mchanga

Kwa gobi mdogo na A. randalli, lita 60 zinatosha. Kwa gobi wa sentimita 8 au zaidi na A. bellulus, anzia lita 100. Kinachohesabika hapa ni eneo la sakafu kuliko kimo cha maji, hivyo tangi fupi na pana ni bora kuliko refu na jembamba.

Weka mawe kabla ya mchanga, na yakae juu ya kioo cha chini chenyewe, au juu ya bamba jembamba la plastiki kama unahofia kioo kukwaruzika. Kamba hupenda kuchimba chini ya jiwe zito kuliko yote kwa sababu hilo ndilo paa imara. Jiwe lililokalia mchanga litashuka siku mchanga utakapotolewa chini yake, na likishuka litamponda mwenye nyumba, au litaangukia kioo. Tikisa kila jiwe kwa mkono. Likicheza, lipange upya au ligandishe kwa epoksi ya majini. Fanya hivi kwa uvumilivu. Ukishatia mchanga na maji, kurudia ni adha.

Sasa mchanga. Kina kiwe sentimita 7 hadi 10 upande watakaoishi. Upande mwingine unaweza kuwa sentimita 3 tu. Mchanganyiko mzuri ni sehemu 3 za mchanga wa aragonaiti (chokaa ya baharini, kama ya makombe) wenye punje za milimita 1 hadi 2, na sehemu 1 ya vipande vya matumbawe na makombe vya milimita 5 hadi 15. Ongeza konzi mbili za vipande bapa vya sentimita 2 hadi 4 na uvitawanye juu. Kwa tangi lenye sakafu ya sentimita 60 kwa 35, kina cha sentimita 8 ni lita 17 hivi za mchanga, yaani kama kilo 22 hadi 25 ukiwa mkavu.

Usishawishike na mchanga laini kama sukari peke yake. Unapendeza macho, lakini kila njia inayochimbwa inafukika saa ileile, na kamba anamaliza nguvu zake akirudia kazi moja. Vile vipande vikubwa ndivyo matofali yake: anavibeba kimoja kimoja kwa gando na kuvipachika kwenye kuta na dari. Ukimnyima, atatafuta mwenyewe, na atachukua konokono, vipande vya matumbawe ulivyotoka kupanda, na chochote anachoweza kukikokota.

Mtengenezee shimo la kuanzia. Chukua jiwe bapa la upana wa kiganja, liegemeze juu ya mawe mawili madogo yanayokalia kioo cha chini, ukingo mmoja ukigusa kioo cha mbele. Acha mwanya wa sentimita 2 hadi 3 chini yake, kisha toboa mchanga kwa kidole hadi ufike humo. Bandika karatasi nyeusi nje ya kioo mahali hapo kwa wiki mbili. Kamba akishazoea, ibandue, na mara nyingi utaona chumba chake waziwazi kupitia kioo.

Mfuniko ni lazima. Gobi hawa huruka wakishtuka, hasa wiki za kwanza na taa zinapozimwa ghafla. Tumia fremu yenye wavu wa matundu ya milimita 6, na uzibe pia nafasi zinapopita nyaya na mabomba. Samaki mwembamba kama kalamu hupita mahali usipodhani. Mdomo wa pampu uvikwe sponji, na mkondo wa maji usielekezwe mlangoni mwa shimo.

Maji

Tangi likomae kwanza, kwa kawaida wiki 4 hadi 6, mpaka amonia na nitriti zisome 0. Joto liwe nyuzi 24 hadi 27, uchumvi (kwa kipimo cha uzito linganishi) 1.024 hadi 1.026, pH 8.1 hadi 8.4, nitrati chini ya miligramu 20 kwa lita. Ugumu wa kaboneti wa dKH 8 hadi 11 pamoja na kalsiamu ya kutosha humsaidia kamba kuunda ganda jipya. Ukibadilisha asilimia 10 ya maji kila wiki kwa chumvi nzuri ya baharini, hakuna haja ya kutia iodini ya chupa. Kuizidisha ni rahisi sana.

Shaba ni sumu kwa kamba hata ikiwa kidogo. Hakikisha tangi, mawe na vifaa ulivyonunua mitumba havikuwahi kutumika kutibu samaki kwa dawa za shaba. Tumia maji yaliyochujwa kwa osmosisi ya kinyume (mashine ya RO), si ya bombani moja kwa moja.

Gobi apitie karantini ya wiki 4 katika tangi la pembeni, akiwa na elbo mbili za PVC za kujificha na bakuli la mchanga. Ukilazimika kumtibu kwa shaba humo, toa mchanga kwanza, maana hunyonya dawa na kipimo hakitulii. Kamba hatibiwi kwa dawa hizo kamwe. Anaweza kuingia tangi kubwa moja kwa moja, ila maji aliyokuja nayo yamwagwe nje, yasiingie tangini.

Siku ya kuwaingiza

Hapa ndipo haraka huharibu. Andaa bomba la PVC la kipenyo cha sentimita 4, refu kutoka juu ya maji hadi mlangoni mwa shimo la kuanzia.

1. Zima taa za tangi na upunguze mwanga wa chumba. Zima pampu za mkondo.

2. Elelesha mifuko juu ya maji kwa dakika 20 joto lilingane. Kila kiumbe kiwe na chombo chake.

3. Pima uchumvi wa maji ya mfuko. Mara nyingi huwa chini kuliko wa tangi lako. Dondosha maji ya tangi kwa mpira mwembamba wenye valvu, matone 2 hadi 4 kwa sekunde, dakika 60 hadi 90 kwa kamba. Gobi humtosha nusu saa hivi kama tofauti ni ndogo. Dalili ya amonia ndani ya mfuko, yaani maji machafu baada ya safari ndefu, ni sababu ya kufupisha muda, si kuurefusha.

4. Simamisha bomba, mdomo wa chini ukigusa mlango wa shimo. Mchukue kamba kwa kikombe, usitumie wavu, kwani magando na vipapasio hunasa na kukatika. Mmimine bombani na umwache ashuke mwenyewe. Kama ameng'ang'ania katikati, subiri, usitikise.

5. Baada ya saa moja, au karantini yake ikiisha kama kamba ametangulia, mteremshe gobi kwa bomba hilohilo. Liondoe taratibu ukiwa na hakika wote wawili wamefika chini.

6. Taa zibaki zimezimwa hadi kesho yake. Rudisha pampu baada ya nusu saa.

Gobi humtafuta kamba kwa macho, kamba humtambua gobi kwa harufu iliyomo majini na kwa kumpapasa. Katika tangi dogo wengine hukutana kabla hujafunga mfuniko. Wengine huchukua wiki mbili. Zikipita wiki tatu na kila mmoja ana makao yake, angalia kwanza kama wanafaana kwa aina. Kama wanafaana, mnase gobi na umweke katika chombo cha plastiki chenye matundu juu ya mlango wa kamba kwa siku moja au mbili, ukimlisha humo, kisha mwachie jioni. Ziba mashimo mengine anayoyapenda.

Kulisha

Gobi hula kinachopita mbele ya mdomo wake. Samaki wepesi wa juu watamaliza chakula kabla hakijamfikia, na hii ndiyo sababu kuu ya gobi kukonda katika tangi lenye kila kitu. Yeyusha uduvi wa misisi waliogandishwa, wavute kwa bomba la sindano lililoungwa kijimrija kigumu cha sentimita 30, na uwaachie taratibu sentimita 5 mbele ya shimo. Mara mbili kwa siku, uduvi 5 hadi 8 kila mara kwa gobi wa sentimita 8. Tembe ndogo zinazozama nazo zinafaa akishazizoea. Wenye papara wa juu wape chakula upande wa pili wa tangi kwanza.

Kamba huokota mabaki, lakini katika tangi jipya lenye mchanga msafi mabaki ni machache. Kila siku ya pili mwekee tembe moja au kipande cha nyama ya kamba au samaki cha ukubwa wa punje ya mchele karibu na mlango. Kisichochukuliwa ndani ya saa moja kiondoe.

Yanayoharibika, na kwa nini

Kamba ametoweka. Siku tatu au nne bila kumwona ni kawaida, hasa anapojivua ganda. Mwili wake mpya ni laini na haondoki ndani. Ukikuta nje kitu chenye umbo la kamba, tupu na chenye kupenyeza mwanga, hilo ni ganda kuukuu. Maiti huwa na nyama ndani, hugeuka rangi ya maziwa au waridi, na hunuka. Dalili za uhai zitafute asubuhi: mlango uliohama, mchanga mpya uliorundikwa, kipande kilichosogezwa. Shimo hubadilika umbo karibu kila siku, na usipoona mabadiliko kwa wiki mbili ndipo uwe na shaka.

Mlio kama wa kioo kupasuka usiku wa manane. Ni gando. Mwaka 2000 watafiti walionyesha kwamba mlio huo hautokani na sehemu za gando kugongana bali na kiputo kinachozaliwa na mkondo wa maji unaofyatuliwa, kinapoporomoka. Kagua tangi kama lina uvujaji, kisha ulale. Mlio ukiwa wa mfululizo, huenda kuna mgeni shimoni, kaa au kamba mwingine, na inafaa umulike kwa tochi yenye mwanga mwekundu.

Matumbawe yamefukiwa. Kamba hurundika mchanga alikoona panafaa yeye. Panda matumbawe angalau sentimita 10 juu ya mchanga na uyagandishe. Aina za chini ziwekwe upande wenye kina cha sentimita 3, mbali na shimo. Kusafisha lundo kila siku hakusaidii, atalirudisha.

Maji yamechafuka ghafla na nitrati imepanda wiki za kwanza. Uchafu uliolala ndani ya mchanga unafukuliwa. Tia mchanga mpya uliooshwa vizuri tangu mwanzo, na katika tangi lililokwisha kukaa miaka mingi usimwingize mchimbaji kabla hujanyonya uchafu hatua kwa hatua. Baadaye, unaponyonya uchafu wa sakafu, acha kabisa eneo la sentimita 20 kuzunguka shimo.

Gobi yumo mlangoni lakini hali, anapumua haraka. Chunguza majirani kabla ya maji. Samaki wakali wadogo kama Pseudocheilinus hexataenia na jamii ya Pseudochromis humsumbua bila kuacha jeraha. Samaki-mwewe, kikande, bunju, chale wa sumu, kaa wakubwa na kamba-vunjajungu ni hatari kwa mmoja wao au wote wawili. Gobi wakubwa wa Valenciennea hubeba mchanga mdomoni kutwa na hugombea mashimo. Samaki wa shakayo na kadinali wadogo ni majirani wema.

Vitone vyeupe, yaani ugonjwa wa vimelea vya samaki, vimeonekana katika tangi kubwa. Usitie dawa humo. Samaki wote watolewe na kutibiwa pembeni, tangi libaki na kamba pekee bila samaki. Wafugaji wengi huhesabu siku 76 ili vimelea vife kwa kukosa samaki. Kumkimbiza gobi kwa wavu kutabomoa nyumba. Tumia chupa ya plastiki iliyokatwa shingo na kugeuzwa kuwa mgono, weka misisi ndani, ilaze sentimita chache kutoka mlangoni. Mfungie chakula siku moja kabla, naye ataingia mwenyewe.

Mmoja amekufa. Gobi aliyebaki hukaa katika shimo la zamani, lakini kuta huporomoka kidogokidogo bila fundi, hivyo mwekee kipande cha bomba la PVC cha sentimita 10 kilichofukiwa nusu hadi upate kamba mpya. Kamba mpya mteremshe kwa bomba palepale, jioni. Kamba aliyebaki peke yake ana shida kubwa zaidi ya chakula kwa kuwa hathubutu kutoka. Sukuma tembe ndani kabisa ya mlango kwa mrija kila siku ya pili. Gobi mpya akifika, bado apite karantini yake ya wiki 4. Kamba anaweza kungoja muda huo wote ndani ya shimo lake, mradi analetewa chakula mlangoni.